Weupe Hausitiri Aibu Saba

Wajapani wana methali ya zamani isemayo kuwa weupe wa ngozi hufunika aibu saba. Makusudio yake ni kwamba mwanamke akiwa mweupe, basi hata akiwa na kasoro nyingine za sura, watu hawazitazami. Methali hii tumeijua kwa sababu ya kijana mmoja katika wanafunzi wetu wa zamani, aliyetuletea kitabu kidogo cha mwandishi wa Kijapani. Alikuwa nacho katika tafsiri ya Kiingereza iliyotoka mwaka 1977, akakaa nasi siku tatu baada ya sala ya alasiri akitusomea na kutufasiria. Alipomaliza akatuuliza: "Sheikh, mtu huyu amesema kweli au amekosea?" Tulimwomba atupe muda tutazame. Haya ndiyo majibu yetu, na tumeona tuyaandike hapa ili yawafae na wengine.

Kitabu chenyewe jina lake kwa lugha yetu ni Sifa za Vivuli, na aliyekitunga ni Tanizaki Jun'ichirō, aliyezaliwa Tokyo mwaka 1886 na kufa mwaka 1965. Ni mmoja katika waandishi wakubwa wa Japani wa zama zake. Makala haya yalianza kutoka mwaka 1933, wakati taa za umeme zimekwisha kuingia katika kila mji wa nchi ile, naye akawa anasikitika kuona nyumba za wazee wake zimejaa mwangaza mkali. Anasifu kiza cha nyumba za zamani. Anasifu vyombo vya mti vilivyopakwa rangi nyeusi ya kung'aa na kutiwa nakshi za dhahabu, ambavyo asema mtu hawezi kujua uzuri wake mpaka avione kwa mwanga wa mshumaa. Anasifu supu iliyomo ndani ya bakuli jeusi, na karatasi inayonyonya nuru badala ya kuirudisha usoni. Hata choo cha zamani hakukiacha bila ya kukisifu.

Katika hayo yote tumesikiliza kwa furaha, na insafu yatulazimu tuseme hivyo. Mtu anayewakumbusha watu wake wasitupe kila cha wazee wao kwa kuwa tu kimekuja kigeni kutoka Ulaya, huyo amewafanyia wema. Na sisi wenyewe tunaijua ladha ya kusoma kwa taa ya mafuta, sauti zikishuka na macho yakitulia.

Lakini katikati ya kitabu mwandishi anageukia ngozi za watu, na hapo ndipo tulipotofautiana naye. Anasema kuwa Mjapani, hata awe mweupe namna gani, ndani ya weupe wake mna kama kivuli kidogo kisichotoka. Wanawake walijipaka poda nzito usoni, shingoni na mikononi, lakini kile kivuli kilibaki chini ya poda. Anasema Mjapani akisimama katikati ya Wazungu, ni kama doa katika karatasi safi. Kisha anaongeza jambo zito zaidi, kwamba kwa sababu hiyo yeye anaielewa nafsi ya Mzungu anayemkataa mtu wa rangi asikae naye, na anataja jinsi watu wa Marekani walivyokuwa wakitafuta hata tone dogo la damu ya mtu mweusi ndani ya mtu aliyeonekana mweupe, ili wamtese. Na mwisho wake asema kuwa wazee wake, walipoona hawawezi kuuondoa ule weusi, walijizamisha ndani ya kiza, na wakawatia wanawake wao ndani ya kiza hicho, ili uso uliopakwa poda uonekane mweupe kuliko weupe wa mwanamke yeyote wa Kizungu.

Katika maneno haya twaona makosa matatu, na tutayaeleza moja baada ya jingine.

Kosa la kwanza ni kuifanya ada ya wakubwa kuwa ni tabia ya umma mzima. Khabari za Japani zinaonyesha wazi weupe huu ulikotoka. Katika kitabu chao cha tarikh kiitwacho Nihon Shoki imeandikwa kuwa mwaka 692 mtawa mmoja wa Kibudha aitwaye Kanjō alitengeneza poda nyeupe ya risasi, akampelekea malkia Jitō, na malkia akamtunza zawadi kwa kazi yake. Poda hiyo ikawa ni pambo la ikulu. Katika zama za Heian, yaani kuanzia mwaka 794 mpaka karne ya kumi na mbili, mabibi wa ikulu walikuwa wakipaka nyuso zao nyeupe, wakinyoa nyusi na kuchora nyingine juu ya paji la uso, na kutia meno rangi nyeusi kwa maji ya chuma. Hata mabwana wa ikulu walijipaka. Baadaye kule Ise ikatengenezwa poda nyingine kutokana na zebaki, ikaenea nchi nzima.

Sasa tuulize: ni nani aliyeweza kukaa mweupe? Ni yule asiyetoka juani. Mkulima wa mpunga, mke wake na binti zake, walikuwa wakiinama ndani ya maji ya konde mchana kutwa, na jua likiwachoma migongo. Weupe ulikuwa ni alama ya kwamba mtu huyu halimi, havui, hachukui mzigo. Kwa hiyo poda ile usoni ilikuwa ikisema, "Mimi si katika wale wanaofanya kazi." Kisha wafanya biashara wa mijini wakaitaka alama hiyo, na baada yao watu wa kawaida. Mwaka 1813 kilitoka kitabu cha kuwafundisha wanawake kujipamba, jina lake Miyako fūzoku kewaiden, na humo weupe umetangulizwa mbele ya kila uzuri mwingine. Walifundishwa kuosha uso kwa pumba za mchele zilizotiwa ndani ya kifuko cha kitambaa, na hata kwa kinyesi cha ndege. Kitabu hicho kiliendelea kupigwa chapa kwa miaka mingi.

Tumeyataja haya kwa urefu kwa sababu wako wenzetu wanaosema kuwa kila kupenda weupe duniani kumetoka kwa Wazungu. Maneno hayo ni mepesi kusema, na yanatupumzisha, kwani kosa likiwa ni la mwingine sisi hatuna la kujitazama. Lakini Wareno walifika Japani mwaka 1543, na ile poda ya mtawa ilikwisha kufika ikulu zaidi ya miaka mia nane kabla yao. Mtaalamu wa Kijapani, Wagatsuma Hiroshi, aliandika mwaka 1967 kulieleza jambo hili, kwamba Wajapani waliusifu weupe tangu kabla ya kuchanganyika na watu wa Ulaya. Maradhi haya basi yana mizizi miwili. Mmoja ni kiburi cha tajiri juu ya masikini wa nchi moja, na wa pili ni unyonge wa nchi moja mbele ya nyingine. Mwenye kuukata mmoja tu atauona mti umechipuka tena.

Na Tanizaki yeye hakumtaja mkulima. Aliyoyasema ni ya mwanamke wa mjini aliyekaa ndani ya chumba chenye kiza, kisha akasema, "Hivi ndivyo tulivyo sisi." Wale wengi waliokuwa kondeni aliwasahau. Mwenye kuusifu uzuri wa taifa ni wajibu wake aulize kwanza ni nani waliohesabiwa ndani ya taifa hilo na ni nani walioachwa nje.

Kosa la pili ni kusifu poda bila ya kutaja gharama yake. Na gharama hiyo haikuwa ni fedha. Risasi ni sumu. Huingia mwilini kidogo kidogo, ikadhoofisha mishipa, ikaharibu damu na ubongo. Waliokuwa wakijipaka sana, kama wachezaji wa michezo ya kabuki, ambako wanaume ndio wanaocheza nafasi za wanawake, walipata maradhi hayo. Mwaka 1887 mchezaji mashuhuri Nakamura Fukusuke wa nne alicheza mbele ya mfalme Meiji, na watu wakaona miguu yake ikitetemeka bila ya yeye kuweza kuizuia. Ikajulikana kuwa ni sumu ya risasi iliyotoka katika poda. Mwaka 1904 ikaanza kuuzwa poda isiyokuwa na risasi. Lakini ile ya zamani haikuondoka madukani, kwani wanawake waliiona inashika vizuri zaidi usoni na bei yake ni nafuu.

Kisha likaja jambo ambalo kijana wetu aliposoma khabari zake, sote tulinyamaza. Kwa miaka mingi madaktari wa Japani walikuwa wakiwaona watoto wachanga wanaonyonya wakipatwa na maradhi ya kichwa. Mtoto hubadilika rangi, akatapika, akashikwa na degedege, na wengi wao wakafa au wakabaki na akili pungufu. Hawakujua yanatoka wapi, wakayaita kwa jina la maradhi ya utando wa ubongo. Mwaka 1923 Profesa Hirai Ikutarō wa chuo kikuu cha Kyoto akatangaza sababu yake: ni risasi iliyomo katika poda ya mama. Mama alikuwa akijipaka uso, shingo na kifua, kisha akamweka mtoto kifuani amnyonyeshe. Mtoto akawa anaramba sumu pamoja na maziwa ya mamake.

Ewe msomaji, hebu simama kidogo hapa. Mama yule hakuwa mbaya. Alimpenda mwanawe kama kila mama anavyompenda wake. Alifanya lile aliloambiwa na mama yake, na mume wake, na majirani, kwamba mwanamke wa heshima hatoki na uso mtupu. Methali ilimwambia kuwa weupe utamfunikia aibu saba, na hakuna aliyemwambia kuwa utamtia mwanawe kaburini. Poda ya risasi haikukomeshwa nchini mle mpaka miaka ya 1930. Na kitabu cha Sifa za Vivuli kilitungwa mwaka 1933, miaka kumi baada ya tangazo la Profesa Hirai. Mwandishi anamkumbuka mama yake mwenyewe kwa mapenzi, na asema kuwa alikuwa kama hana kiwiliwili, ila uso na mikono tu inayoonekana kizani. Anaisifu sana poda ile, lakini katika yote tuliyosomewa hatukusikia neno hata moja juu ya watoto wale. Sisi twasema kuwa elimu ya uzuri isiyouliza nani anaumia ni elimu pungufu, hata ikiandikwa kwa kalamu nzuri kama yake.

Kosa la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni kujipima kwa jicho la mwingine. Tanizaki hakuwa mjinga wa jambo hili. Miaka tisa kabla ya kitabu hiki, yaani mwaka 1924, alianza kutoa hadithi ya mwanamume wa Tokyo aliyemchukua msichana mdogo wa mkahawani kwa kuwa sura yake na jina lake Naomi vilifanana na vya Kizungu, akamlea na kumwoa, na mwisho akawa mtumwa wake. Katika hadithi ile alimcheka mtu aliyepumbazwa na uzuri wa kigeni. Lakini katika makala haya naye amenaswa na mtego ule ule. Ni nani aliyemwambia kuwa yeye ni doa? Na kwa nini ile karatasi nyeupe ndiyo iwe mizani? Akishakubali kuwa yeye ni doa, haikuwa ajabu kuwa anamfahamu anayetaka kulifuta doa. Aliyedhulumiwa akimtafutia dhalimu udhuru, udhalimu umepata wakili.

Hapa ndipo dini yetu inapokuwa na neno katika jambo hili. Qur'ani tukufu imezihesabu tafauti za lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa mbingu na ardhi. Ishara hutazamwa na kufikiriwa, haifutwi. Na kila mwanafunzi wa chuo anaijua khabari ya Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtukana mtu kwa weusi wa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamkemea kwa kumwambia kuwa bado umo ujahili ndani yake. Angalia basi, hakumwambia kuwa amekosa adabu tu. Alikiita kitendo kile ni ujahili, yaani mabaki ya zama za kiza. Kiza hicho hakisifiwi.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni mambo ya kale, Sheikh. Japani ya leo ni nchi ya elimu na viwanda." Ni kweli, na elimu yao imefaa mengi. Tena yafaa tuwape haki yao: kampuni yao ya Shiseido, iliyoanza kama duka la dawa huko Ginza mwaka 1872, ilitoa mwaka 1917 poda za rangi saba, ili mwanamke achague inayomwelekea yeye badala ya wote kuwa weupe. Na katika miaka ya 1990 walitokea wasichana wa Tokyo waliojibabua kwa makusudi wawe weusi, wakawashangaza wazee wao. Hatuwasifu kwa hilo, kwani nao walikuwa wakiiharibu ngozi ile ile, ila ni dalili kuwa si kila Mjapani aliridhika na mizani ile.

Lakini tamaa ya weupe haikufa. Ilibadili jina, ikaitwa bihaku, maana yake uzuri mweupe, ikavaa koti la daktari. Mwaka 1988 serikali ilikubali dawa iitwayo asidi ya koji, itokanayo na ukungu ule ule wanaochachishia vyakula vyao, na baada yake nyingine nyingi. Sheria yao ni ya uangalifu, kwani muuzaji haruhusiwi kusema kuwa dawa itambadilisha mtu rangi aliyozaliwa nayo. Anaruhusiwa kusema tu kuwa yazuia madoa ya jua. Hata hivyo jina lenyewe lilikuwa limekwisha kusema yale ambayo sheria imeyakataza.

Kisha ukaja mwaka 2013. Kampuni ya Kanebo ilikuwa ikiuza vipodozi vyenye dawa iitwayo rododendroli, iliyokubaliwa na serikali mwaka 2008. Mwezi wa Julai 2013 ikatangaza kuvirudisha vyote kutoka madukani, kwa sababu waliovitumia walianza kutokwa na mabaka meupe usoni, shingoni na mikononi, kama ya mtu mwenye mbalanga. Waliothibitika kudhurika walizidi 19,000. Wengine walipona, na wengine mabaka yakawabakia. Dawa hiyo ilitengenezwa na wataalamu, ikapimwa na kupigwa muhuri. Ikiwa hayo yametokea katika nchi yenye uangalifu kama huo, basi itakuwaje pale pasipo na mpimaji?

Na jicho lile la zamani bado lipo. Mwaka 2015 Ariana Miyamoto, binti wa mama wa Kijapani na baba Mmarekani mweusi, alichaguliwa kuiwakilisha Japani katika mashindano ya urembo ya dunia, na wako waliosema kuwa huyo si Mjapani wa kutosha. Mashindano hayo sisi hatuyapendi, na hilo linajulikana. Lakini lawama aliyotupiwa haikuwa ya mashindano, ilikuwa ya rangi yake. Mwaka 2019 kampuni moja ya tambi ilimchora Naomi Osaka, mchezaji tenisi bingwa, katika tangazo lake, ikampa ngozi nyeupe isiyokuwa yake. Watu walipolalamika kampuni ikaomba radhi na kuliondoa tangazo. Na mwaka 2021 kampuni ya Kao, ambayo ndiyo mmiliki wa Kanebo, ikatangaza kuwa haitatumia tena neno bihaku katika bidhaa zake mpya. Hii ni hatua njema. Lakini jina limekwisha kubadilika mara moja kabla ya hapo, na tamaa ikabaki. Tutatazama.

Mwingine atauliza: "Je, kujipamba ni haramu? Na mwanamke wa Kijapani akichukua mwavuli asiungue jua, amekosa nini?" Twajibu kuwa hajakosa kitu. Pambo ni halali kwa mipaka yake, na kuulinda mwili na jua kali ni katika kuutunza. Wanavyuoni wamepambanua baina ya kutibu aibu iliyozuka, kama doa la maradhi au la moto, na kubadilisha umbile alilolipanga Muumba. La kwanza ni dawa. La pili ni kama kumwambia Fundi kuwa amekosea kazi yake. Na juu ya yote, lenye kudhuru mwili au kumdhuru mtoto halina mjadala.

Jambo moja la mwisho linatuunganisha sisi na Japani kwa njia ambayo wengi hawaijui. Iko sumu iliyokuwa ndani ya poda ya Ise, nayo ni zebaki. Katika mji wa Minamata, kusini mwa Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakainywa, watu wakala samaki, na mwaka 1956 yakatambulikana maradhi mabaya ya mishipa ambayo yamechukua jina la mji huo. Mwaka huo huo wa 2013, mwaka wa yale mabaka, mataifa yalikubaliana katika mkataba juu ya zebaki, wakauita Mkataba wa Minamata, na katika yaliyokatazwa ndani yake ni vipodozi vya kung'arisha ngozi vyenye zebaki. Na vipodozi hivyo ndivyo vinavyopenya kwa siri mpaka katika soko zetu, na ndivyo vinavyochanganywa na vinginevyo katika kile kinachoitwa mkorogo. Binti wa Dar es Salaam au Mombasa anayejipaka uchafu huo anauharibu mwili na mafigo yake kwa sumu ile ile waliyojipaka mabibi wa Kijapani karne nyingi zilizopita. Wao walikuwa na udhuru wa kutojua. Sisi tumekwisha kuambiwa.

Basi jibu letu kwa kijana wetu ni hili. Tanizaki amesema kweli katika kuwapenda wazee wake, na amekosea katika kujidharau mwenyewe. Wahenga wetu walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mkakasi wenyewe ni kijaluba cha kupakwa rangi, mfano wa vile vyombo alivyovisifu. Enyi wazazi, angalieni maneno mnayoyatamka mbele ya watoto. Mtoto wa kike akizaliwa, la kwanza tunaloliuliza majumbani mwetu ni kuwa mweupe au mweusi. Naye hulisikia swali hilo maisha yake yote, mpaka siku anapokwenda dukani kununua jibu. Tuuliiteni jina lake, na tumwombee afya na dini.

Mwenyezi Mungu atuonyeshe haki tuifuate, na atuonyeshe batili tuiepuke. Amin.